Bosi Aliyekataa Utani

Mlioniacha wiki jana nikiwa juani na sindano ya magunia mkononi, ndugu zangu, bado niko hapohapo, ila sasa na kidole kimevimba.

Na wewe uliyenikuta njiani, karibu. Naitwa Elida, Muha wa Manyovu, mjane, nakaa Mwandiga na wanangu. Nilikuwa karani wa mizani kwenye ghala la chakula cha wakimbizi pale Kigoma, miaka ile Warundi wakiingia kwa miguu na Wakongomani wakiingia kwa mitumbwi, na mji umejaa hadi maji ya bomba unayapanga foleni. Ghala lilikuwa la shirika, lakini kwa jinsi alivyolitawala ungedhani amelirithi kwa baba yake. Namsema meneja wetu, Bwana Telesphory, Mnyamwezi wa Tabora.

Aliniondoa kwenye mizani bila sababu. Akanitupa nyuma ya ghala nishone magunia yaliyopasuka.

Nilijitahidi kuelewana naye, Mungu ni shahidi. Nilimwamkia "shikamoo bosi" wakati yeye na mimi ni rika moja. Alipita kama amepishana na nguzo. Nikampelekea migebuka ya kukaanga, samaki wa ziwa letu, ile minene, imefungwa vizuri kwenye jani la mgomba. Akaita paka wa ghala, akampa yote mbele yangu, mmoja baada ya mwingine.

"Nyie watu wa mpakani," akasema, "mtu hajui nani Muha nani Mrundi. Sili chakula cha mtu nisiyejua kwao."

Neno hilo alikuwa nalo kila siku. Nikichelewa, Mrundi. Uzi ukikatika, Mrundi. Siku moja alinisimamisha mbele ya madereva akaniuliza nilivuka lini, wakacheka wote, na mimi nikacheka nao kwa kuwa sikuwa na pa kuuweka uso wangu. Usiniambie nilikuwa mwoga. Nilikuwa na watoto wa kulisha, na kazi nyingine Kigoma hakuna.

Sasa, kosa lilianzia kwa Frida.

Frida ni mtoto wa Ujiji, babu zake walitoka Kongo, tulikuwa tunashona wote magunia. Mdomo wake haujui kupumzika. Akaniambia, "Elida, wewe ni mpumbavu. Unapika migebuka ya nini? Huyu si Mnyamwezi?"

"Ndiye."

"Na wewe si Muha? Waha na Wanyamwezi si watani nyie? Mtanie. Mtukane. Mnyamwezi gani anamnunia mtani wake? Labda ndicho anachokusubiria muda wote huu, na wewe unamwamkia shikamoo kama mkwe."

Nikakaa nikafikiri. Kumbe kweli. Marehemu baba yangu alikuwa akikutana na Mnyamwezi stesheni wanatukanana mpaka wageni wanataka kuwaamua, halafu wanakwenda kunywa pamoja. Nikasema labda yale matusi ya bosi ni utani wenyewe, ila mimi ndiye mzito. Labda kanuna kwa sababu sijamjibu.

Nikasema nitamjibu. Ila utani mtu hauanzishi ofisini mbele ya makaratasi, unausubiri mahali pake.

Mahali pake pakaja vibaya. Mama yake alifariki.

Bibi yule alikuwa anakaa naye hapa Kigoma, ila watu tulikuwa hatumwoni. Hatoki, haendi jumuiya, hana shoga. Tuliposikia amefariki, wote wa ghala tulikwenda, na kitu cha kwanza watu walichoulizana pale msibani ni kwa nini hasafirishwi. Treni ya Tabora ipo, unapanda jioni, asubuhi uko kwenu. Mnyamwezi gani anamzika mama yake mwisho wa reli?

"Mama mwenyewe aliomba," Bwana Telesphory akawa anajibu. "Alisema alale anapoliona ziwa."

Watu wakaacha kuuliza. Wosia wa marehemu haubishaniwi.

Tukapanda kilimani kwenye makaburi. Jeneza limeshawekwa pembeni, kamba ziko tayari, katekista ameshafungua kitabu. Hapo nikaona wakati wangu ndio huo. Nikajifunga kanga kiunoni, nikamnyang'anya mchimbaji mmoja jembe, nikaenda kukaa juu ya lile lundo la udongo, miguu ikining'inia ndani ya kaburi.

"Hazikwi mtu hapa," nikasema kwa sauti. "Huyu ni Mnyamwezi, na mimi Muha ndiye mwenye ardhi hii. Nataka kuku wangu kwanza."

Watu wazima wakaanza kutabasamu. Msiba ulikuwa mzito, wakaona mtani amekuja kuupunguza. Frida akanikonyeza nikaongeza.

"Tena nyie Wanyamwezi mna aibu gani? Mlibeba mizigo ya wageni kutoka Bagamoyo mpaka Ujiji, kwa miguu, hamkuchoka. Leo kumbeba mama yenu mzazi mpaka Tabora, na treni hiyo hapo chini inapiga honi, mmeshindwa? Au huko Tabora hamna kwenu?"

Wakacheka. Hata katekista aliinamisha kichwa tukaona upara wake tu.

Mnyamwezi wa kweli hapo angejua la kufanya. Angenitukana, angesema Waha tulikimbia treni tukidhani joka, angenitupia chochote, hata kiatu chake, akasema kuku wako huyo, shuka. Ningeshuka, tungezika, na kesho ofisini tungekuwa mtu na mtani wake. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nimepanga.

Bwana Telesphory alisimama kama aliyemwagiwa maji. Halafu akaniuliza polepole, "Nani amekutuma?"

Nikadhani ndio utani wake. "Nimetumwa na njaa," nikasema. "Kuku yuko wapi?"

"Nauliza nani amekutuma kusema hayo?" Sasa alikuwa anapiga kelele. "Mtoeni huyu mwanamke! Mtoeni!"

Kicheko kikakatika. Anatoli, mlinzi wa ghala, alinishika mkono huku ananiomba radhi kwa macho. Nikashuka kwenye udongo, kanga imejaa vumbi, natamani lile shimo linimeze mimi.

Aliyeniokoa ni Mzee Gervasi, mstaafu wa reli, Mnyamwezi wa kuzaliwa. Akavua kofia yake akanivalisha. "Haya Muha, kuku wako huyo, kwenu hamjawahi kuona kofia," akasema, na watu wakapumua. Kisha akamgeukia bosi, kwa upole kabisa, "Mwanangu, wewe ni Mnyamwezi wa wapi?"

Bosi akaamuru jeneza lishushwe, akachukua koleo mwenyewe akaanza kufukia kabla hata sala haijaisha.

Nililia njia nzima kurudi Mwandiga. Nilijua kazi imekwisha. Frida alinifuata mpaka nyumbani akaniomba msamaha, nikamwambia nenda Frida, leo sina maneno.

Bosi aliporudi kazini aliniita ofisini. Nikaingia nimeshaaga kila kitu moyoni. Akafunga mlango. Akakaa, akasimama, akakaa tena.

"Kaa," akasema. Hajawahi kunipa kiti.

Nikakaa.

"Unataka nini?"

"Samahani bosi, sijaelewa."

"Elida, tusichezeane. Unataka nini? Unataka kurudi kwenye mizani? Unataka cheo cha msimamizi? Sema."

Nikaona mlango wa bahati umefunguka, sijui umefunguliwa na nani. Nikasema ukweli wangu. "Nataka kurudi kwenye mizani. Na nikikusalimia, uniitikie."

Akacheka kicheko kibaya. "Mtu anayejua unachojua wewe haombi kuitikiwa salamu."

"Najua nini?"

"Ulikaa juu ya kaburi la mama yangu ukaniuliza kama Tabora nina kwetu. Mbele ya watu wote. Unajua vizuri kabisa kwamba nisingeweza kumpeleka Tabora, kwa sababu huko tulikuwa makambini. Mama yangu kwao Rumonge. Ndiyo maana alitaka kulala anapoliona ziwa, kwa sababu maji haya haya yanafika kwao. Unajua, halafu unakaa hapo unaniuliza unajua nini?"

Rumonge ni Burundi. Mtoto wa Kigoma haulizi Rumonge ni wapi.

Akanitazama usoni, akaona. Nikamwona anavyoona.

"Hukuwa unajua," akasema.

"Sikuwa najua."

"Yale yalikuwa ni nini basi, pale kaburini?"

"Utani, bosi. Muha na Mnyamwezi ni watani. Msibani ndivyo tunavyofanya. Mnyamwezi yeyote anajua."

Akaweka mikono kichwani. Alikaa hivyo mpaka nikaanza kumwonea huruma, na sikutaka kumwonea huruma. Baadaye maneno yakamtoka yenyewe. Alivushwa ziwa akiwa mtoto, mwaka wa sabini na mbili, na mama yake tu, wengine walibaki ng'ambo wamekufa. Akakulia kwenye makazi ya wakimbizi huko Tabora, katikati ya Warundi watupu. Mwalimu mmoja alimpenda akamwandikisha shule kwa jina la ukoo wa mwalimu mwenyewe, na tangu hapo akawa Mnyamwezi. Akajifunza lugha kidogo, akajifunza vyakula. Utani wa msibani hakuna aliyemfundisha, na yeye hakuwahi kuzika mtu.

"Nilikuogopa tangu siku ya kwanza," akasema. "Wengine hapa wakinisikia wanasikia Kiswahili tu. Wewe Muha, lugha yako na yangu ni ndugu. Nilijua siku moja nitateleza neno na sikio lako litalidaka. Ndiyo maana nikakupeleka nyuma ya ghala."

"Na kuniita Mrundi kila siku?"

Akageukia dirishani.

Nitawaambieni nilivyojisikia. Nilimchukia kuliko siku zote za nyuma. Uchungu wa mama yake niliuelewa, na kuvushwa ziwa nilikuelewa, sisi wa mpakani tumepokea watu wa namna hiyo tangu tuko wadogo. Ila miezi yote ile mtu ananipaka matope yake mwenyewe, madereva wanacheka, na mimi nacheka nao. Nilitamani nimtemee mate juu ya meza.

Lakini nikasema, "Sitasema kwa mtu. Kwa ajili ya yule mama."

"Utaapa?"

"Sitaapa. Nimesema."

Nadhani hapo ndipo nilipokosea. Mtu mwenye hofu ungemwapia hata mara kumi angebaki na mashaka, sembuse asiyeapiwa.

Kesho yake nikarudi kwenye mizani yangu. Frida hakuamini. Bosi akawa anaitikia salamu. "Marahaba, Elida, watoto hawajambo?" Nikamletea tena migebuka, na safari hii alikula akalamba vidole, paka anamtazama. Watu wa ghala wakasema Elida amempa bosi dawa. Mimi nikacheka, nikasema kweli, dawa ya Manyovu. Nikawa nalala usingizi wangu wote. Nikamwambia hata mwanangu mkubwa kwamba mwezi ujao atapata viatu.

Basi asubuhi moja nimeinama napima maharage, nikasikia lori limesimama uani na injini haizimwi.

Kilikuwa kipindi cha msako. Kila aliyeonekana si raia alikuwa anapandishwa lori kwenda kambini, na ukishafika kambini hutoki bila ruhusa. Wakaingia maofisa, mkubwa wao mtu mnene mwenye sauti ya kanisani, Afande Dismasi. Akatukusanya wote kivulini.

"Tumepata taarifa," akasema, "kwamba hapa kuna mtu wa ng'ambo anayejifanya raia."

Nikamtazama Bwana Telesphory kwa haraka. Namwonea huruma mimi mpumbavu. Yeye alikuwa amesimama na mikono nyuma, ametulia, anatazama ncha za viatu vyake.

"Nani hapa anaitwa Elida?"

Nikajifuta vumbi la maharage mikononi, nikatoka mbele.

"Mimi, afande."

"Kwenu wapi?"

"Manyovu."

"Wote wanasema Manyovu. Nani anaifahamu asili yako?"

"Wazazi wangu wamekufa, afande. Nina kadi ya chama."

"Kadi inanunuliwa. Meneja, huyu ni mfanyakazi wako. Unamfahamu?"

Bwana Telesphory akainua macho. Hakunitazama. "Kazi yake naifahamu," akasema. "Kwao, afande, sipajui. Hawa wa mpakani ni vigumu kuwajua."

Aliisema kwa sauti ileile ya siku zote, ndugu zangu. Sauti ya migebuka na paka.

Frida akaanza kupayuka kwamba huyu ni Muha, ni Muha, jamani. Ofisa mmoja akamwambia anyamaze au apande naye. Nikashikwa mkono nikapandishwa. Nikakaa kwenye benchi la lori kati ya mwanamke mwenye mtoto na mzee anayekohoa. Nikawafikiria wanangu wakitoka shule, wanafika nyumbani Mwandiga, mlango una kufuli.

Hasira ndiyo iliyonisimamisha. Nikapiga kelele nikiwa juu ya lori, "Afande, wewe kwenu wapi?"

Wenzake wakageuka. Hakuna anayemuuliza afande kwao.

"Mimi? Tabora," akasema, "Mnyamwezi. Kwa nini?"

"Nilijua. Mbeba mizigo hajifichi. Leo umekosa ya Mwarabu ndio unatubeba sisi?"

Frida alijiziba mdomo kwa kanga. Afande Dismasi akanitazama kwa muda, uso hauna kitu. Kisha tumbo likaanza kumcheza.

"Wewe Muha," akasema, "unanitukana mimi? Reli yenyewe ilipofika kwenu ilikata tamaa ikaishia hapohapo."

"Ilichoka kwa sababu ilipitia Tabora kwanza," nikasema. "Ingeanzia kwetu ingefika mbali."

Akacheka mpaka akashika ubavu wa lori. Akafuta machozi kwa kofia. "Mteremsheni. Mteremsheni mtani wangu huyo. Mrundi atajulia wapi maneno haya?"

Nikashuka. Frida akanidaka. Ningekuwa na akili ningeondoka hapo hapo nikajifungia chooni.

Lakini afande alikuwa amefurahi, na mtu aliyefurahi anataka wenzake. Akamgeukia bosi.

"Meneja, na wewe nimeambiwa ni wa Tabora. Mwenzangu kabisa. Mbona umeniacha peke yangu na huyu Muha? Mpe moja nisikie."

Bwana Telesphory akatabasamu kwa meno tu. "Nina kazi nyingi, afande."

"Kazi? Mtani yuko mbele yako unasema kazi?" Kicheko cha afande kikaanza kupungua. "Na ulisema humfahamu kwao. Mnyamwezi unakaa na Muha ghala moja, humjui kama ni Muha?"

Jasho lilianza kumtoka bosi juu ya mdomo.

Afande akaja kwangu. Sasa hakuwa anacheka hata kidogo. "Mtani, nimesikia huyu amefiwa na mama yake juzijuzi. Ulikwenda msibani?"

"Nilikwenda."

"Ukamfanyia utani?"

"Nikamfanyia."

"Akakujibuje?"

Watu wote wa ghala walikuwepo siku ile kilimani. Anatoli akatazama chini. Frida akaniminya mkono, na yeye Frida alichojua ni kwamba bosi alikataa utani tu, maana yake hakuijua. Mwenye maana yake nilikuwa mimi peke yangu. Na nilitaka kusema. Msiniulize kuhusu wema. Nilitaka nimwone yule mtu juu ya lile benchi, anavyonitazama kutoka juu.

Nikavuta pumzi. Na yeye akaona naivuta.

"Mbabarira," akasema.

Nihurumie. Neno la Kiha, na la Kirundi vilevile. Lilimtoka chinichini, kwa lugha ya mama yake, kama mtoto aliyeshikwa. Nadhani hakujua amelisema mpaka aliposikia kimya.

Afande Dismasi akageuza kichwa polepole.

"Amesema nini?" akauliza. "Hicho si Kinyamwezi. Wewe Muha, bosi wako amekwambia nini?"

Lori lilikuwa bado linanguruma, na nafasi yangu kwenye benchi ilikuwa bado wazi.